Mshindo wa P: mwongozo kamili wa kuzuia pumzi isiharibu rekodi ya sauti

Tangazo lilikuwa na sentensi moja iliyotakiwa kukumbukwa: "Pata punguzo papo hapo." Nililirekodi usiku, nikalisikiliza kwenye simu, nikaridhika, nikamtumia mteja wangu, mwenye duka. Asubuhi yake alinipigia akiwa ndani ya gari lake, lenye spika za besi zilizojaa buti, akaniuliza ni nani aliyekuwa akigonga mlango wakati mimi nasoma. Hapakuwa na mlango wala mgongaji. Sentensi ile ina P tano, na kila moja ilikuwa imeipuliza maikrofoni usoni. Spika ya simu, kwa udogo wake, haikuweza kuyatoa masafa ya chini ambamo mishindo ile ilijificha, ila spika za gari zilikuwa na uwezo huo na zaidi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayerekodi sauti yake nyumbani au katika chumba cha kawaida, awe anaandaa podikasti, hadithi za kusikiliza, mawaidha, masomo au matangazo. Nimeupanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kuanzia mdomoni hadi kwenye kompyuta, na si kwa bahati mbaya kwamba kompyuta imewekwa mwisho. Mshindo wa P ni upepo, na upepo huzuiwa kabla haujafika. Ukishaingia ndani ya rekodi, kinachobaki ni kuutafutia tiba, na tiba zake zote zina gharama kwa sauti.

Kinachotokea mdomoni na ndani ya maikrofoni

Wanaisimu huziita P, B, T, D, K na G vipasuo, kwa kuwa ili kuzitamka ni lazima njia ya hewa ifungwe kabisa, hewa ibanwe nyuma ya kizuizi kwa muda mfupi sana, kisha iachiliwe ghafla. T na D hufungwa kwa ncha ya ulimi, K na G kwa sehemu ya nyuma ya ulimi, na hewa yake hupita kwanza kwenye meno na midomo kabla haijatoka. P haina mapito hayo. Hewa yake hubanwa na midomo yenyewe na kuachiliwa mlangoni kabisa, na kinachofuata ni bonge la pumzi linalokwenda mbele moja kwa moja.

Ndani ya maikrofoni mna kiwambo, utando mwembamba uliowambwa mfano wa ngozi ya ngoma, ambao kazi yake ni kutikisika kwa miondoko midogo mno ya hewa inayoletwa na sauti. Bonge la pumzi likikifikia kiwambo hicho halikitikisi. Linakisukuma, na msukumo huo hugeuka kuwa mshindo mzito ambao nguvu yake kubwa iko chini ya hezi 200 (mitikisiko 200 kwa sekunde), wenye kudumu kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya milisekunde 100. Muda huo unatosha kumshtua msikilizaji mwenye hedifoni.

Lililo muhimu hapa ni tofauti ya mwendo. Sauti husafiri kwa kiasi cha mita 343 kwa sekunde na husambaa kila upande, kiasi kwamba mtu aliye ubavuni mwako anakusikia karibu sawasawa na aliye mbele yako. Pumzi hutembea polepole zaidi, hufuata njia nyembamba mbele ya midomo, na huishiwa nguvu baada ya umbali mfupi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuiondoa maikrofoni kwenye njia ya pumzi bila kuiondoa kwenye sauti, na karibu kila hatua itakayofuata imejengwa juu ya jambo hilo.

Kiswahili nacho kina yake, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya lugha nyingine haiyagusi. B, D na G zetu, zikitamkwa kwa Kiswahili cha pwani pasipo kutanguliwa na nazali, yaani M au N, huvuta hewa kidogo kuingia ndani badala ya kuisukuma nje. Weka kiganja mbele ya midomo, karibu sana, useme: "Haba na haba hujaza kibaba." Kiganja hakihisi kitu, au kinahisi joto tu. Sasa sema: "Papo kwa papo kamba hukata jiwe." P nne za mwanzo utazipokea kiganjani moja baada ya nyingine, na K za katikati utazihisi kwa mbali. Ndiyo kusema B ya Kiswahili haina kesi kubwa, na anayetumia muda mrefu kupambana nayo huenda anaitamka kwa lafudhi ya kuazima.

P zenyewe pia hazilingani. Wasemaji wengi wa pwani hutofautisha paa la nyumba, ambalo P yake haina mpumuo, na paa mnyama wa porini, ambaye P yake hutoka na pumzi. Hali kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Mwenye kutamka tofauti hiyo atakuta kwamba maneno yenye mpumuo ndiyo yanayompiga maikrofoni. Zaidi ya hayo, maneno ambamo P inafuatwa na W, kama pwani, pweza na mpwa, ni mabaya kuliko yote niliyowahi kusoma mbele ya maikrofoni, kwa sababu midomo hujikunja kuwa kitundu kidogo, umbo lile lile la mtu anayezima mshumaa. F nayo, ijapokuwa si kipasuo, hupuliza: "fupi" na "ufukwe" zitakusumbua ukikaa karibu mno.

Hatua ya kwanza: jua pumzi yako inapita wapi

Kabla ya kugusa maikrofoni, chukua karatasi ya tishu, chana utepe wenye upana wa vidole viwili, uning'inize mbele ya uso wako kwa umbali wa shibiri moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umetanuliwa, ambao ni kiasi cha sentimita 20. Soma methali hii kwa sauti unayoitumia kurekodi: "Pema usijapo pema, ukipema si pema tena." Ina P tano zilizotawanyika vizuri. Utepe utaruka.

Sasa usogeze utepe ule kidogo kidogo: juu hadi usawa wa pua, halafu usawa wa macho, kisha kushoto na kulia hadi ng'ambo ya pembe za mdomo, ukiirudia methali kila mahali. Utafika mahali ambapo utepe hautikisiki tena hata kwa "pema" ya nguvu. Hapo pakumbuke, kwa maana ndipo maikrofoni itakapokaa. Watu hawafanani: wapo ambao pumzi yao hushuka kuelekea kidevuni, na wapo ambao, kwa mpangilio wa meno au kwa mazoea, huipeleka upande mmoja. Mimi hupuliza kushoto, na nilikaa miaka kadhaa na maikrofoni upande huo huo wa kushoto kwa kuwa ndiko meza yangu ilikokuwa na nafasi.

Hatua ya pili: iweke maikrofoni nje ya njia

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haigharimu shilingi. Kosa lililoenea ni kuiweka maikrofoni mbele ya midomo na kuielekea uso kwa uso, kama anavyofanya mwimbaji jukwaani. Mwimbaji ana sababu zake, kwa kuwa anashindana na ngoma na spika; wewe uliye peke yako chumbani huna.

Iweke maikrofoni pale utepe ulipotulia, kisha igeuze ili uso wake ukuelekee mdomoni. Maneno hayo mawili yanachanganywa mara nyingi, kwa hiyo nitayarudia kwa namna nyingine: maikrofoni inakaa pembeni, ila inakutazama. Kwa watu wengi nafasi inayofaa ni usawa wa pua au juu yake kidogo, ikiwa imeinamishwa kuelekea midomo, au ng'ambo ya pembe ya mdomo kwa mkao wa nyuzi 30 hadi 45 kutoka mbele ya uso. Endelea kutazama mbele unaposoma. Ukijisahau ukaigeukia maikrofoni, umeirudisha njiani.

Wapo wanaohofia kwamba sauti itapotea. Maikrofoni ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele yake kuliko nyuma, ambayo ndiyo aina inayouzwa zaidi kwa kazi ya sauti, hata ikielekezwa pembeni kwa nyuzi 45 badala ya kukutazama kabisa, hupoteza chini ya desibeli 2, kiasi ambacho utakirudisha kwa kugusa kitufe cha geini, kile cha kuongeza nguvu ya sauti inayoingia. Utapoteza pia wembamba kidogo wa S na SH, jambo ambalo kwa sauti nyingi ni nafuu.

Umbali nao una hesabu yake. Maikrofoni za kadioidi huongeza besi kadiri msemaji anavyozikaribia, na mshindo wa P, ambao wenyewe ni besi tupu, hufaidika na hali hiyo kuliko sauti yako. Ukikaa sentimita 5 kutoka kwenye maikrofoni unapata sauti nene ya mtangazaji wa usiku na mishindo minene ya kuambatana nayo. Ukirudi nyuma hadi shibiri moja, mishindo hupungua sana, lakini mwangwi wa chumba huanza kusikika. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hakitakuruhusu kurudi nyuma namna hiyo mpaka utundike mablanketi, usimamishe godoro nyuma yako, au ufungue kabati lililojaa nguo na kusomea mbele yake. Kwa vyumba vingi sentimita 15 ni mapatano mazuri.

Kwa anayerekodi kwa simu, kanuni ni ile ile. Tundu la maikrofoni liko kwa kawaida kwenye ukingo wa chini, karibu na mahali pa kuchajia, na watu wengi huushika ukingo huo mbele ya midomo kana kwamba wanataka kuung'ata kama andazi. Iweke simu juu ya rundo la vitabu, usawa wa kidevu au shavu, tundu likikuelekea kutoka pembeni, kwa umbali wa shibiri moja. Maikrofoni ndogo za kubana kwenye nguo, kama vile BOYA BY-M1 ambayo imeenea sana, husikia pande zote sawa, na kwa hiyo unaweza kuigeuza juu chini pale kifuani, kichwa chake kikitazama sakafu. Sauti haibadiliki kwa kiasi cha kusumbua, ilhali pumzi ya mdomo na ya pua inayoshuka hukuta mgongo badala ya tundu.

Hatua ya tatu: chujio la pumzi

Chujio la pumzi ni wavu mwembamba unaosimama kati ya midomo na maikrofoni. Sauti hupita, lakini bonge la pumzi huvunjika kuwa vijipepo vidogo visivyo na mwelekeo. Neno la kutilia mkazo ni kati. Vijipepo hivyo vinahitaji nafasi ya kufia, na chujio lililobandikwa juu ya maikrofoni halivipi nafasi hiyo wala halisaidii kitu. Acha sentimita 5 hadi 10 kati ya chujio na maikrofoni, na wewe kaa sentimita chache upande wa pili. Chujio lina faida ya pili ambayo hutajwa mara chache, nayo ni kukuzuia usisogee mbele unaponogewa na hadithi.

Ya kununua yapo ya nailoni na ya chuma. Ya nailoni yenye matabaka mawili hufanya kazi vizuri na bei yake ni ndogo. Ya chuma huoshwa kwa urahisi, faida ambayo utaielewa baada ya miezi sita ya mate. Ila hakuna lazima ya kununua. Chukua hanga ya waya, ile ya kutundikia mashati, uikunje iwe duara lenye kipenyo cha sentimita 15 hivi na kuacha ndoano yake kuwa mkono. Livishe duara hilo mguu mmoja wa soksi ndefu za nailoni za kike, uukaze mpaka uwambike bila kikunjo, zungusha nailoni iliyobaki kwenye shingo ya waya, funga kwa uzi au utepe wa gundi. Ndoano ifunge kwenye stendi ya maikrofoni au hata kwenye shingo ya taa ya mezani. Anayedarizi kofia au vitambaa nyumbani ana duara la kukazia kitambaa, nalo linafaa kuliko hanga kwa kuwa limeshanyooka.

Lipime kwa mshumaa. Weka mshumaa unaowaka nyuma ya chujio, kwa umbali ule ule ambao maikrofoni itakaa, useme "pwani" na "pata" mbele yake. Mwali ukiinama sana, ongeza tabaka la pili la nailoni, ukiliachia nafasi ya sentimita moja au mbili kutoka la kwanza. Ukitikisika tu na kusimama, basi. Ondoa mshumaa kabla hujarudisha maikrofoni, na ufanye jaribio hilo mbali na pazia.

Nimeona watu wakitumia kipande cha khanga au kitenge badala ya nailoni. Pumzi huzuiwa kweli, ila pamoja nayo hufa ung'avu wa S, SH na CH, na msomaji husikika kama anayezungumza nyuma ya ukuta wa mabua. Kitambaa kinachofaa ni kile ambacho ukikiinua mwangani unaona upande wa pili bila taabu.

Kofia ya sponji inayovishwa kichwani mwa maikrofoni ni dada mdogo wa chujio. Husaidia, hasa nje kwenye upepo, lakini peke yake haimalizi kazi kwa msomaji mwenye P nzito. Ukiwa navyo vyote viwili, tumia vyote.

Maneno machache kuhusu aina ya maikrofoni

Maikrofoni za kondensa husikia kila kitu, na pumzi imo. Za dainamiki hustahimili zaidi kwa kuwa kiwambo chake ni kizito na mara nyingi zimetengenezwa kwa matumizi ya karibu. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo hadi leo imejaa makanisani, kwenye kumbi na katika magari ya matangazo, ina sponji ndani ya kichwa chake cha wavu. Kichwa hicho hufunguka kwa kuzungushwa. Kifungue, kioshe pamoja na sponji yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Kwa maikrofoni iliyopita kwenye vinywa vya watu mia, hilo ni suala la afya pia. Electro-Voice RE20, ambayo utaiona katika studio nyingi za redio, imeundwa mahususi ili mtangazaji aisogelee bila besi kuvimba, na ina chujio la pumzi ndani yake. Bei yake ni nyingine. Hakuna hata moja kati ya hizi itakayokusaidia ukiipuliza kwa nguvu kutoka mbele, na maikrofoni ya bei rahisi iliyowekwa mahali panapofaa huishinda ya gharama iliyowekwa vibaya. Hilo la mwisho nimelijaribu kwa masikio yangu zaidi ya mara moja.

Kama maikrofoni yako au kifaa chako cha kurekodia kina swichi yenye alama ya mstari ulionyooka ambao upande wake wa kushoto umeinama, hiyo ni swichi ya kukata besi, aghalabu kuanzia hezi 75, 80 au 100. Iwashe na uiache. Halafu rekebisha geini ili vilele vya sauti yako vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha rekodi, na urekodi kwa biti 24 kama kifaa kinaruhusu. Nafasi hiyo ya juu ni akiba ya mshindo utakaoponyoka. Mshindo uliogonga dari ya sifuri hukatwa kichwa, na kichwa kilichokatwa hakirudi.

Hatua ya nne: kusoma

Pitia maandishi yako ukiwa na penseli na upige mstari chini ya kila P inayoanza neno lenye mkazo, kila PW, na kila F inayofuatwa na U. Katika ukurasa mmoja wa hadithi utapata labda ishirini, lakini zitakazokusumbua kweli ni tano au sita, na ukizijua kabla hazijafika mdomo hujiandaa wenyewe.

Unapozifikia, fumba midomo kwa wepesi na uifumbue bila kubana hewa nyuma yake. Jifunze kwa kiganja: sema "pesa" mara kumi, kila mara ukipunguza pumzi inayogonga kiganja bila kuiacha P igeuke B. Wengi hufika baada ya siku mbili tatu. Kutabasamu kidogo husaidia, kwa kuwa midomo iliyotanuka haitengenezi kitundu. Kwa neno zito lisilotii, geuza kichwa kidogo upande usio na maikrofoni, kisha rudi. Fanya hivyo taratibu na kwa nyuzi chache, vinginevyo msikilizaji atasikia sauti ikizunguka chumbani.

Ipo tabia ninayoilaumu kwa baadhi ya watangazaji vijana, ya kuzipulizia P, T na K kwa lafudhi ya ng'ambo wakidhani ndiyo sauti ya kitaalamu. "Thunakwenda moja kwa moja Phwani." Mbali na kwamba masikio ya wengi huchoka nayo, wanaiadhibu maikrofoni kwa konsonanti ambazo Kiswahili hakikuzipa nguvu hiyo.

Hatua ya tano: kurekebisha kilichokwisha kuingia

Hapa natumia Audacity, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux; programu nyingine zina zana zile zile kwa majina tofauti. Fanya nakala ya faili la asili kabla ya kuanza, uiweke kando.

Vaa hedifoni, cheza rekodi yote kuanzia mwanzo, na kila unaposikia mshindo bonyeza Ctrl+M. Alama itawekwa pale pale bila sauti kusimama. Usirekebishe chochote katika mzunguko huu. Sikio linalosikiliza na mkono unaokata havifanyi kazi nzuri kwa wakati mmoja.

Kisha safisha rekodi nzima kwa kichujio kinachopitisha masafa ya juu na kuyakata ya chini, ambacho katika menyu ya athari kimeandikwa High-Pass Filter. Kwa sauti ya mwanamume weka hezi 80, kwa ya mwanamke 100, na mteremko wa desibeli 12 au 24 kwa oktava. Usipande zaidi ya hapo kwa rekodi nzima. Sauti ya msingi ya mwanamume mzima katika maongezi huanzia hezi 85 hivi, ya mwanamke hezi 165 hivi, na anayekata rekodi yote kwenye hezi 200 ili kuua mishindo sita atakuwa ameikausha sauti ya saa nzima iwe kama ya redio ya mkulima iliyoishiwa betri.

Mishindo iliyobaki ishughulikie mmoja mmoja. Nenda kwenye alama, vuta picha kwa Ctrl+1 mpaka uione P vizuri. Picha yake ni rahisi kuitambua: kabla ya irabu, mstari uliotulia hupanda au kushuka ghafla kwa mawimbi mapana, mawili au matatu, yasiyofanana na mawimbi ya karibu karibu ya irabu inayofuata. Chagua eneo hilo tu, kuanzia ukimya ulio kabla yake hadi irabu inapoanza kujirudia kwa utaratibu. Kwa kawaida ni milisekunde 30 hadi 80. Bonyeza Z ili kingo za uteuzi ziangukie mahali ambapo wimbi linavuka sifuri, usije ukaacha mlio wa kukatwa. Tumia kichujio kile kile, safari hii kwenye hezi 150 hadi 200 na desibeli 24 kwa oktava. Sikiliza ukianzia neno moja kabla. Ukiridhika, nenda kwenye alama inayofuata, chagua, na ubonyeze Ctrl+R ili athari ya mwisho irudiwe bila kufungua menyu.

Pale kichujio kinaposhindwa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kushusha kiwango cha zile milisekunde chache za mwanzo wa mshindo, kwa desibeli 6 kwanza, kisha zaidi ikibidi. Usiuondoe mshindo wote. Niliwahi kuzilainisha P za hadithi moja kwa bidii hiyo, na mhusika aliyekuwa akitafuta "pesa" akatoka akitafuta "esa" kwa sura nzima. Mtu wa kwanza kuligundua alikuwa msikilizaji. Ya pili ni kuazima. Tafuta P safi kwingineko katika rekodi hiyo hiyo, yenye irabu ile ile baada yake na iliyosomwa kwa nguvu inayokaribiana, uinakili pamoja na sehemu ndogo ya irabu, uibandike badala ya ile mbovu. "Pe" ya "penye" inaweza kuokoa "pe" ya "pesa", lakini "pa" haitaiokoa kamwe, maana midomo hujiandaa kwa irabu hata kabla P haijatoka.

Zingatia mpangilio. Vichujio na marekebisho haya yote yatangulie kompresa, athari inayokandamiza sauti kubwa ili zikaribiane na ndogo. Kompresa ikikutana na mshindo huudhani ni sauti kubwa, huikandamiza, na pamoja nao hukandamiza irabu inayofuata, hivyo neno hutoka likiwa na kishindo mwanzoni na shimo katikati. Baada ya hapo hakuna kichujio kitakachoziba shimo hilo. Athari ya kupunguza kelele za chumba nayo haigusi mishindo hii, kwa kuwa imeundwa kwa ajili ya mvumo usiobadilika kama wa feni au friji.

Kama mawimbi ya mshindo yamekatwa vichwa, yaani yana kilele bapa badala ya mviringo, au kama alama zako katika dakika moja zimezidi kumi, acha kurekebisha. Rudi kwenye hatua ya kwanza, sogeza maikrofoni, usome upya. Kusoma upya dakika tano huchukua dakika tano.

Rekodi iliyokamilika isikilize kwanza kwa hedifoni, halafu katika spika yoyote yenye besi ya kweli: ya gari, ya subwufa ya sebuleni, au ya jirani atakayekubali. Mimi siku hizi humwomba dereva wa daladala mmoja wa mtaani kwetu anichezee dakika moja kabla hajaanza zamu ya asubuhi, na akikunja uso kwenye neno lolote, naliandika.